Nani Aulizwe Habari za Shule? Buigiri na Historia ya Uchunguzi wa Elimu Tanzania

Buigiri ni mahali padogo katika Ugogo, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma, kando ya barabara iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, nayo ikikosa njaa hubisha hodi. Jina la mahali hapa limeingia katika historia ya elimu kwa sababu moja: hapo ndipo Kanisa la Anglikana lilipofungua, mwaka 1950, shule ya kwanza ya wasioona katika Tanganyika. Vitabu vya elimu huitaja shule hiyo kwa sentensi moja, kisha hupita. Lakini mtu atakaye kufahamu jinsi serikali na wataalamu walivyopata kuyajua maisha ya shule za umma, au walivyokosa kuyajua, hana budi kurudi Buigiri. Maana swali la nani aulizwe habari za shule ni swali la zamani, na katika shule ya wasioona ugumu wake huonekana waziwazi.

Wako watu wa namna tatu ambao huijua shule kwa kuishi nayo: mwalimu aingiaye darasani kila siku, mwanafunzi akaaye mbele yake, na mzazi ambaye humwona mtoto akitoka asubuhi na kurudi jioni, au humtoa nyumbani kwa muhula mzima. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, wale waliotaka kuijua shule ya Kiafrika walimwuliza kila mtu isipokuwa hao watatu.

Mwaka 1924 ulifika Tanganyika ujumbe wa Mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, ukiongozwa na Thomas Jesse Jones. Miongoni mwa wajumbe alikuwamo Mwafrika, James Emman Kwegyir Aggrey, mzaliwa wa Gold Coast, nchi ambayo leo huitwa Ghana. Taarifa yao ilitoka mwaka 1925, ikawashauri watawala waifungamanishe elimu na maisha ya wenyeji, yaani kilimo, afya, nyumba na kazi za mikono. Ushauri huo haukukosa busara. Lakini ujumbe ulipita nchini kwa muda mfupi, ukapokewa na maofisa na wamisionari, na habari zake nyingi zilitoka kwa hao hao. Aggrey alihutubia Waafrika na kuzungumza nao popote walipopita. Kuzungumza huko, hata hivyo, si sawa na kukusanya maoni yao na kuyafanya msingi wa shauri. Mzazi wa Kiafrika alitokea katika taarifa kama mtu wa kuelimishwa, si kama mtu wa kuulizwa.

Sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa kuzipa ruzuku shule za misheni zilizotimiza masharti ya serikali. Katika Ugogo, ambako wamisionari wa Church Missionary Society walikuwa wamefika tangu miaka ya 1870 kupitia Mpwapwa, jambo hili lilikuwa na uzito, maana shule karibu zote zilikuwa mikononi mwa makanisa. Mwaka huo huo wa 1927 iliundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati chini ya Askofu George Alexander Chambers kutoka Australia, na shule za Kianglikana za sehemu hizo zikawa chini yake. Kuanzia hapo mkaguzi ndiye aliyekuwa jicho la serikali. Alihesabu wanafunzi, akatazama daftari la mahudhurio, akasikiliza somo, akaandika taarifa yake, akaondoka. Mwalimu alipoulizwa, aliulizwa na mtu ambaye kalamu yake ingeweza kuinyima shule fedha. Basi alijibu kama mshitakiwa ajibuvyo, wala si kama shahidi.

Mzazi wa Kigogo naye alijibu, ijapokuwa hakuulizwa. Jibu lake lilikuwa katika daftari la mahudhurio. Mifugo ilihitaji wachungaji, na wakati wa ukame ilibidi ipelekwe mbali kutafuta maji na malisho. Mtoto wa kiume akaondoka nayo. Mwaka wa njaa darasa lilipungua, kwa kuwa mtoto mwenye njaa hutafuta chakula kabla ya herufi. Wakubwa wengi wa zamani waliuita utoro huo ukaidi au ujinga wa wafugaji. Kwa hakika ulikuwa maoni ya wazazi juu ya ratiba ya shule, juu ya umbali wake, na juu ya faida ambayo hawakuwa wameiona bado. Mtu asiyepewa nafasi ya kusema kwa mdomo husema kwa miguu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ulifanyika uchunguzi mmoja wa namna nyingine. Mwaka 1946 Mwingereza John Wilson alianza safari ndefu katika makoloni ya Afrika na nchi za Mashariki ya Kati kuchunguza hali ya wasioona. Wilson mwenyewe alikuwa haoni. Macho yake yalipotea akiwa na umri wa miaka 12, kwa ajali ya somo la kemia shuleni. Taarifa iliyotokana na safari hiyo ilitolewa mwaka 1948, ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya upofu wa nchi hizo ungeweza kuzuilika. Mwaka 1950 kikaundwa chama cha kuwasaidia wasioona wa makoloni ya Uingereza, Wilson akiwa kiongozi wake. Chama hicho leo kinajulikana kwa jina la Sightsavers. Mwaka huo huo shule ya Buigiri ilipokea wanafunzi wake wa kwanza, nao walikuwa wavulana. Si lazima kusema kwamba jambo moja lilizaa la pili. Linalostahili kuangaliwa ni kwamba, katika chunguzi za siku hizo, huu ni mmoja ambao mwulizaji alikuwa amekilalia kitanda alichouliza habari zake.

Faida ya kuuliza vizuri ilionekana tena katika Ugogo huo huo. Daftari la shule ya wasioona huandika kwamba mtoto haoni, na kwa mwalimu habari hiyo yatosha, kwa kuwa kazi yake ni kumfundisha. Lakini mtu akimwuliza mzazi upofu ulianzaje, hadithi nyingine hutokea. Allen Foster, daktari wa macho aliyefanya kazi katika hospitali ya Mvumi, pamoja na mwenzake Alfred Sommer, walitoa mwaka 1987 habari za watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda katika kioo cha jicho. Asilimia 37 ya vidonda hivyo vilifuata ugonjwa wa surua, na wengi wa waliopofuka macho yote mawili walikuwa miongoni mwa watoto hao wa surua. Upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni vilikuwa na sehemu yao. Kadhalika huko Kongwa, jirani na Buigiri, uchunguzi wa miaka mingi ulioanza katika miaka ya 1980 ulionyesha jinsi trakoma inavyofuatana na uhaba wa maji, nzi, na nyuso za watoto zisizooshwa. Habari hizo hazikuweza kupatikana kwa kuhesabu wanafunzi na madawati. Zilipatikana kwa kuwasikiliza wazazi, nazo ziliweza kutumika katika chanjo, katika dawa, na katika kuchimba visima.

Ama katika elimu ya jumla, desturi ya zamani iliendelea. Mwaka 1951 ulikuja ujumbe wa Binns kuzitazama shule za Afrika Mashariki na ya Kati, na shauri lake likachapwa mwaka 1953. Ulishauri, miongoni mwa mengine, kwamba Kiswahili kiondolewe katika shule za mahali ambako si lugha ya nyumbani. Kwa Ugogo, ambako watoto husema Kigogo nyumbani na Kiswahili shuleni, shauri hilo lingebadili kila siku ya maisha ya darasani. Lakini halikutokana na maneno ya watoto hao, wala ya wazazi wao, wala ya walimu wao. Tanganyika haikulifuata, na Kiswahili kikabaki lugha ya shule ya msingi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, na ubaguzi wa rangi katika shule ukafutwa, ilitazamiwa kwamba mwananchi atasemwa na kusema. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 iliitaka shule iwe sehemu ya kijiji na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi zao. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliipa serikali uongozi wa shule zilizokuwa zikipata ruzuku. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa wote, na mwaka 1977 ukawekwa kuwa mwisho wa kuwaandikisha watoto. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya heshima: vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu vijijini kwao, na watoto ambao babu zao hawakushika kalamu wakaingia darasani. Lakini juhudi yenyewe ilitaka hesabu kuliko ushuhuda. Wilaya ilipeleka idadi mkoani, mkoa wizarani, na idadi ikipanda kazi ilihesabiwa kuwa imefanyika. Kama mtoto aliyeandikishwa alikuwa akisoma kweli, hilo halikuwa na safu yake katika fomu.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyoundwa mwaka 1980 na kutoa taarifa mwaka 1982, iliyapanua mazungumzo hayo. Ilipendekeza kwamba Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia katika sekondari kuanzia mwaka 1985. Mwaka 1984 wataalamu Criper na Dodd waliwapima wanafunzi wenyewe, wakaona kwamba wengi wa wale wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kuwawezesha kufuata masomo. Serikali haikulikubali pendekezo la Tume, na Kiingereza kikaendelea. Hapo historia hii inapata fundisho lake la kwanza: kuuliza ni nusu ya kazi tu. Jibu laweza kupatikana, likaandikwa vizuri, likasomwa na wakubwa, kisha lisibadili chochote.

Fundisho la pili lilikuja baada ya mwaka 2001, serikali ilipofuta ada ya shule za msingi na kuanzisha Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Wanafunzi waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000 walizidi milioni 8 mwaka 2007. Kila mwanafunzi alipangiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka, na kamati za shule, ambamo wazazi wamo, zikapewa wajibu wa kusimamia fedha. Shirika la HakiElimu, lililoanzishwa mwaka 2001, likaanza kuwauliza wananchi na kuchapa habari za shule. Mwaka 2005 lilitoa kitabu kilichokusanya matokeo ya ukaguzi wa MMEM uliofanywa na serikali yenyewe. Septemba mwaka huo Wizara ikalikataza shirika hilo kufanya na kuchapa uchunguzi juu ya shule, na katazo hilo halikuondolewa hadi mwaka 2007. Yafaa kutafakari kwamba mgogoro haukutokana na uongo uliobuniwa, bali na maneno ya serikali yaliyotolewa ofisini na kupelekwa barazani. Basi ikadhihirika kwamba swali si nani aulizwe tu, bali ni nani mwenye haki ya kuuliza, na nani mwenye haki ya kusikia jibu. Swali hilo lilirudi mwaka 2018, Sheria ya Takwimu ilipobanwa, kisha ikalegezwa mwaka 2019.

Katika miaka hiyo hiyo chunguzi zilianza kuwafikia wale watatu. REPOA ilikusanya maoni ya watoto mwaka 2007, ikachapa kitabu juu ya wanavyoiona elimu. Mwaka 2009 uchunguzi wa kitaifa uliwahoji vijana zaidi ya 3,700 wenye umri wa miaka 13 hadi 24 kuhusu ukatili waliotendewa utotoni. Zaidi ya nusu walisema kwamba walimu waliwapiga. Kanuni za mwaka 2002 zilikuwa zimeweka mwisho wa viboko 4, kwa idhini ya mwalimu mkuu, na kwa kuandikwa katika daftari. Mkaguzi aliyesoma daftari hilo peke yake asingeweza kujua ukweli. Mtoto alipoulizwa mahali pa salama aliusema. Mwaka 2010 Uwezo iliwaendea watoto nyumbani na kuwapa hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Kati ya wanafunzi 10 wa darasa la tatu, ni takriban 3 tu walioweza kuisoma. Mwaka huo huo uchunguzi wa huduma uliofanywa na Benki ya Dunia na REPOA uliona kwamba ratiba ilimpa mwanafunzi saa 5 na dakika 12 za masomo kwa siku, lakini alichofundishwa kweli kilikuwa saa 2 na dakika 4.

Takwimu kama hizo huweza kumdhulumu mwalimu zikisomwa peke yake. Mwalimu asiyekuwa darasani hana budi kuulizwa yuko wapi. Pengine amekwenda wilayani kufuata madai yake. Pengine anasahihisha madaftari ya darasa lenye watoto 80. Pengine nyumba yake iko mbali kwa kuwa shule haina nyumba za walimu. Na pengine ni mzembe. Hesabu ya mahudhurio huonyesha kiti kitupu, haionyeshi sababu. Ndiyo maana mwalimu ahojiwe kama shahidi, kwa siri, na na mtu asiye na mamlaka juu ya mshahara wake. Mwanafunzi naye hawezi kueleza habari za fimbo hali mwenye fimbo amesimama mlangoni. Na mzazi, katika nchi ambayo mgeni huheshimiwa, atamjibu mgeni mwenye karatasi kwamba shule ni nzuri, alhamdulillahi au Bwana asifiwe, kwa sababu kumwambia mgeni mabaya ya nyumbani si adabu. Akina bibi wa Ugogo, ambao Kigogo ndicho lugha yao ya kufikiri, husema mengi zaidi wakiulizwa kwa Kigogo, wakiwa wameketi, na bila haraka. Tangu ada ya elimu ya msingi na sekondari ya kawaida ilipofutwa kwa waraka wa mwaka 2015, wako wazazi walioelewa kwamba hawadaiwi hata chakula cha mchana cha mtoto. Kutoelewana huko hakuwezi kugunduliwa kwa fomu ya ndiyo na siyo.

Baada ya kuyafahamu hayo, Buigiri yaonyesha mpaka wa njia zote mbili za uchunguzi. Anayekwenda nyumba kwa nyumba hamkuti mwanafunzi wa bweni, maana amekwisha kwenda shule iliyo mbali. Anayekwenda shuleni hamkuti mtoto asiyeona ambaye hakuandikishwa kamwe, kwa kuwa jamaa zake wanamwonea haya au hawajui kwamba shule yake ipo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikadiria kwamba watu wenye ulemavu ni asilimia 7.8 ya wote wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Lakini hesabu hiyo nayo hutegemea neno la mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya aweza kunyamaza. Mzazi wa mtoto wa Buigiri huenda anaishi mkoa mwingine, hata mkutano wa wazazi ukiitishwa nauli humzuia. Na karatasi ya maswali iliyochapwa kwa wino ni ukuta mtupu kwa kijana asomaye kwa vidole maandishi ya nukta nundu. Akisomewa maswali na mwalimu wake, siri imekwisha.

Kwa hiyo mtoto asiyeona huweza kukosekana mara tatu: nyumbani, shuleni, na katika karatasi. Hakuna aliyekusudia kumtupa. Kila mchunguzi alitenda sawasawa na kanuni za kazi yake, na mtoto akaanguka katika nafasi iliyobaki baina yao. Wala hayuko peke yake. Mchungaji mdogo aliye malishoni, msichana aliyeacha shule kwa ajili ya mimba, na mtoto mwenye ualbino ambaye wazazi walimficha kwa kuogopa wauaji, wote wamo katika nafasi hiyo hiyo. Wastani wa taifa huweza kupanda bila mmoja wao kuguswa.

Dawa yake haitaki mitambo mikubwa. Maswali yaandikwe kwa nukta nundu na kwa herufi kubwa za wenye uoni hafifu. Wahojiwe pia na watu wasioona waliosoma, kwani Tanzania inao walimu na wanasheria waliopita katika shule kama hiyo. Wazazi wa wanafunzi wa bweni wafuatwe vijijini kwao, na orodha ya kaya ilinganishwe na orodha ya shule, ili ajulikane yule asiyekuwamo katika zote mbili. Zaidi ya yote, jibu lirudishwe lilikotoka. Kwa miaka 100 habari za shule zimechukuliwa vijijini na kusomwa Dar es Salaam, Dodoma, London na Washington. Mara chache zimerudi katika kamati ya shule kwa lugha ambayo wajumbe wake wanaielewa. Mwalimu aliyeeleza taabu zake mara tano, kwa wageni watano, bila kuona hata ripoti moja, mara ya sita hujibu kwa kifupi, na hana kosa.

Historia ya uchunguzi wa shule katika Tanzania, basi, ni historia ya mduara uliopanuka polepole. Kwanza walikuwamo wageni na maofisa, kisha wakaguzi, kisha tume za wananchi wenye vyeo, na mwishowe mwalimu, mwanafunzi na mzazi. Kupanuka huko ni maendeleo ya kweli, na waliokugharimia kwa kazi na kwa matatizo wanastahili shukrani. Lakini mduara haujafika Buigiri. Uchunguzi utakaofika huko, ukampa kijana asiyeona karatasi anayoweza kuisoma mwenyewe na kuijibu mwenyewe, utakuwa umeitazama shule ya umma nzima kwa mara ya kwanza.